RAM isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaojiundia kompyuta wenyewe nyumbani, pamoja na mafundi wanaowaundia wengine, kuhusu kosa nililolifanya mimi na ambalo naamini linafanywa na wengi: kuihukumu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kuwa mbovu, au kuitangaza kuwa nzima, pasipo kuipima.

Mashine yangu niliiunda kwa vifaa vipya vitupu. Ilikwenda vizuri siku mbili, na siku ya tatu ikaanza kujizima na kujiwasha. Kilichonichanganya ni kwamba haikulalamika kwa namna moja. Leo skrini ya bluu ilitaja usimamizi wa kumbukumbu, kesho ikataja draiva ya kadi ya picha, keshokutwa programu ya kuvinjari intaneti ikajifunga kimya kimya huku mambo mengine yakiendelea. Faili lililobanwa lilikataa kufunguka kwa madai kwamba limeharibika, nami nilipolijaribu tena bila kugusa kitu likafunguka. Kila niliyemuuliza alikuwa na mchawi wake: mmoja aliituhumu Windows, mwingine umeme, mwingine joto. Niliisakinisha Windows upya mara tatu, kazi ambayo leo naiona ya bure kabisa, kwa sababu kompyuta yenye kumbukumbu isiyoaminika huweza kuyaharibu hata mafaili ya usakinishaji wakati yanapofunguliwa na kuandikwa kwenye diski. Huko kubadilika-badilika kwa malalamiko ndiko kulikopaswa kunizindua. Programu ikiwa na kasoro, kwa kawaida hukosea mahali pale pale. Kumbukumbu ikikosea, huidhuru programu yoyote iliyokuwa imeketi hapo kwa wakati huo.

Hatimaye niliishuku RAM, lakini badala ya kuipima niliirudisha kwa muuzaji, naye akanibadilishia vipande vyote viwili bila ubishi. RAM mpya ziliendelea na vituko vile vile. Hapo ndipo nilipokubali kukaa chini na kuifanya kazi kwa utaratibu.

Vipimo vipo, na vingine ni vya bure. Windows ina kipimo chake cha ndani, ambacho ni chepesi kutumia, ila mimi sikitegemei kutoa hukumu ya mwisho, kwani nimekiona kikiipitisha mashine ambayo kipimo kingine kilikuja kuikamata. Kinachofaa zaidi ni programu za jamii ya MemTest86, ambayo ilianza mwaka 1994, na ndugu yake Memtest86+, ambazo huwekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya mfumo endeshi, hivyo kuikagua karibu RAM yote bila kusumbuliwa na programu nyingine. Programu huandika mpangilio fulani wa tarakimu (biti, yaani 0 au 1) katika kila sehemu ya kumbukumbu, kisha huusoma tena na kulinganisha. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na RAM ikiwa kubwa ni vyema kuiacha ifanyike usiku kucha, mizunguko minne au zaidi, maana yapo makosa yasiyojitokeza mpaka mashine ipate joto. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Nimewasikia watu wakisema kwamba kosa moja kati ya mabilioni ya tarakimu si neno. Ni neno, tena kubwa, kwa sababu hakuna ajuaye kama tarakimu hiyo itaangukia kwenye picha, kwenye hesabu au kwenye jedwali la mafaili ya diski nzima.

Kabla ya kupima, mtu aingie kwenye BIOS, programu ya mipangilio inayotangulia mfumo endeshi, aizime ile mipangilio ya kasi iitwayo XMP au EXPO. Hapa ningependa wauzaji wanisikilize. RAM ya kizazi cha DDR5 iliyoandikwa kasi ya 6000 kwenye kasha, mara nyingi huwaka kwa 4800 na kwa volti 1.1 pale isipoguswa; ile 6000 hupatikana kwa kuisukuma, kwa kawaida kwa kuongezewa volti, na kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa ndicho kinachobeba mzigo huo, ilhali mara nyingi mtengenezaji wa prosesa hakuahidi kasi hiyo. RAM zikiwa nne badala ya mbili, mzigo huzidi. Kwa hiyo makosa yanayotoweka mara mipangilio hiyo inapozimwa hayathibitishi kwamba RAM ni mbovu. Huenda yanaonyesha tu kwamba RAM na prosesa haziwezani kwa kasi hiyo. Naona haki mnunuzi aelezwe hili kabla ya kulipa.

Kwangu makosa hayakutoweka. Nilichomoa RAM moja, nikaipima iliyobaki katika nafasi ya pili ya kuchomekea RAM kutoka kwenye prosesa, ilikuwa safi. Nikaiweka ile nyingine katika nafasi hiyo hiyo, nayo safi. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema RAM zote nzima, Windows ndiyo mbaya. Lakini nilipoihamishia mojawapo katika nafasi ya nne, makosa yalifurika, na nilipoibadilisha kwa mwenziwe yalifurika vile vile. Kosa linaloifuata RAM kila inapohamishwa ni la RAM. Linalobaki kwenye nafasi huku RAM zikipishana ni la madabodi (bodi kuu), la prosesa, au la pale viwili hivyo vinapogusana. Bila kubadilishana namna hii mtu hawezi kuyatenganisha, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Ripoti ya kipimo ilikuwa na dalili nyingine ambayo wengi huipita bila kuisoma. Karibu na kila kosa huandikwa kilichotarajiwa na kilichosomwa. Katika ripoti yangu anwani za makosa, yaani mahali yalipotokea, zilitapakaa kumbukumbu nzima, ila tarakimu iliyogeuka ilikuwa ile ile moja kila mara. Chembe iliyokufa ndani ya RAM kwa kawaida hukosea kwenye anwani yake tu. Tarakimu moja inayokosea kila anwani mara nyingi huashiria njia moja ya kupitishia data yenye mguso hafifu.

Nilifungua feni ya kupoozea, nikaitoa prosesa kwenye soketi yake, nikamulika kwa tochi. Katikati ya pini ulikuwa umelala uzi mmoja wa pamba, mwembamba kuliko unywele. Nilikumbuka mara moja ulikotoka: siku ya kuunda mashine nilidondosha mafuta ya kupitisha joto upande wa chini wa prosesa, nikayafuta kwa kipande cha pamba, nikajisifu kwa usafi. Niliuondoa uzi kwa uangalifu, nikakagua kama kuna pini iliyopinda, nikarudisha kila kitu na kuikaza feni kwa kukatisha pembe hadi pembe ili mgandamizo uwe sawa. Kipimo cha usiku huo, na cha usiku uliofuata mipangilio ya kasi ikiwa imewashwa, kilitoa sifuri.

Nimeambiwa kwamba DDR5 hujisahihisha yenyewe na kwa hiyo hofu yangu imepitwa na wakati. Usahihishaji huo hufanyika ndani ya chipu yenyewe na hauilindi njia iliyopo kati ya RAM na prosesa, njia ambayo ndiyo iliyokuwa na uzi wangu. Ulinzi wa njia nzima unahitaji RAM ya ECC, yaani yenye usahihishaji wa makosa, ambayo kompyuta nyingi za nyumbani hazina.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba mashine mpya isikabidhiwe kwa mwenyewe kabla ya kulala usiku mmoja kwenye kipimo, na kwa wasomaji, kwamba picha na nyaraka zisihamishiwe humo kabla ya usiku huo. Mimi nilizihamisha siku ya kwanza, na sasa nazilinganisha moja moja na nakala za zamani. Tayari nimepata picha mbili zenye mstari wa kijivu uliozikata katikati.

Zile RAM mbili za mwanzo, nilizozirudisha kwa muuzaji kama mbovu, sidhani kama zilikuwa na kasoro yoyote. Nimemwandikia kumweleza hivyo.

Wako,
Msomaji