Wapigeni picha kabla ya kuwapulizia dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie tabia iliyoenea katika bustani zetu za nyumbani, ya kumpulizia dawa kila mdudu anayeonekana kabla hata ya kumtambua. Ukurasa wa kilimo wa gazeti lako umekuwa ukitoa picha za viwavijeshi, vidukari na inzi weupe, na kwa hilo nashukuru, lakini sikumbuki kuona humo picha ya mdudu hata mmoja anayemfaa mkulima.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi pembezoni mwa mji wa Tanga, na uani kwangu nina minazi sita, mlimau mmoja na matuta machache ya mchicha. Mwaka juzi wakwezi walilalamika kwamba maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, wamejaa minazini na wanawauma hadi wanashindwa kuangua nazi. Nikamwita kijana mwenye bomba la dawa, akawamaliza kwa asubuhi moja. Miezi iliyofuata vidaka, yaani nazi changa kabisa, vilianza kupukutika kabla ya kufikia kitale, nikawa navizoa kwa ndoo. Ndipo bwana shamba mmoja aliponieleza kwamba maji moto ndio wanaomfukuza kunguni wa minazi, mdudu anayefyonza vidaka hadi vikadondoka. Siwezi kuapa kwamba vyote vilianguka kwa sababu hiyo, maana mwaka ule hata mvua ilikuwa haba. Ila tangu maji moto walipohamia tena kwangu kutoka kwenye mwembe wa jirani, ndoo ile imerudi kazi yake ya kuchotea maji.

Tokea hapo nimejiwekea utaratibu wa kupiga picha kwanza. Natumia simu ya kawaida niliyoibana lenzi ndogo ya kukuzia, na hutoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, wadudu wakiwa bado wazito kwa ubaridi wa usiku na upepo wa bahari haujaanza kutikisa majani. Picha ninayojivunia kuliko zote ni ya maji moto wakishona kiota: safu ya vibarua imeng'ang'ania kingo za majani mawili na kuzivuta zikutane, huku mwenzao amembeba buu mdomoni akimpitisha upande huu na upande ule, kwa kuwa uzi wa kushonea hutoka kwa buu, si kwa aliyembeba. Nimeishi nao zaidi ya miaka thelathini bila kuliona hilo.

Kwenye mlimau nusura nimponde kiwavi ambaye akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, na akikua huwa wa kijani na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo hula majani kweli, na mwenye kitalu cha miche simlaumu akimtoa, lakini mlimau wangu mkubwa haukutetereka, na mwishowe akatoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiota cha udongo cha nyigu kilipoanguka kutoka ukutani nilikipiga picha pia. Ndani mlijaa buibui waliolegezwa kwa sumu, akiba ya chakula cha watoto wake. Vunjajungu naye hukamata wadudu kwenye mchicha wangu mchana kutwa. Utotoni tulitishwa kwamba ukimshika utavunja chungu, na nadhani kitisho hicho kilimlinda vizuri kuliko mawaidha yangu haya.

Sisemi watu waache dawa kabisa. Ninachoomba ni kwamba, pembeni ya kila picha ya mdudu mharibifu, gazeti litenge nafasi ndogo ya mdudu mmoja anayesaidia, na wasomaji waalikwe kuleta picha zao zikiwa na tarehe, mahali na jina la mmea alipokutwa, ili mabwana na mabibi shamba wazitambue kabla hazijachapwa. Yangu ya maji moto na buu wao iko tayari, na naitoa bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga