Usituulize zabibu zimeiva lini, tuulize zimepogolewa lini

Sikukuu ya Muungano mwaka jana sisi, waandaaji wa safari za mashamba ya mizabibu hapa Dodoma, tulipokea familia ya watu sita kutoka Dar. Walishuka SGR asubuhi, watoto na kofia zao, mama kashika kapu jipya la ukili la kubebea zabibu. Tukawapeleka moja kwa moja Mpunguzi, barabara ya Iringa. Shambani walikuta nguzo, waya na vishina vimekatwa vifupi, utomvu ukichuruzika kwenye vidonda kama maji ya bomba bovu. Hakukuwa na punje hata moja. Mtoto wao wa mwisho akamuuliza baba yake, "Wamezikata kwa sababu tunakuja?"

Kosa lilikuwa letu. Tulipokea oda kwa simu, tukaandaa gari na chakula, tukasahau kumpigia mwenye shamba. Tangu siku hiyo tumebadilisha namna ya kupanga safari za mashamba ya mizabibu, na kwa kuwa wateja wengi bado wanatupigia na swali lile lile la "zimeiva?", tumeona tulieleze jambo hili mara moja.

Kule Ufaransa au Italia mzabibu hupukutisha majani baridi ikiingia, ukalala, kisha ukaamka joto likirudi. Ndiyo maana watu wa kule huvuna mara moja kwa mwaka, na majirani wote karibu kwa wakati mmoja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu hivyo. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Akishapogoa, yaani akishayakata matawi, baada ya wiki mbili hivi machipukizi yanatoka, maua yanafuata, na ikipita kama miezi minne tangu siku ya mkasi, anavuna. Mashamba mawili yaliyotenganishwa na uzio wa miiba yanaweza kuwa moja limejaa vichala na lingine ni vijiti vitupu, kwa sababu tu mmoja alipata vibarua mapema na mwenzake akachelewa.

Hata hivyo wengi wanafuata misimu miwili. Wa kwanza ni Februari na Machi, wa pili Agosti na Septemba. Tukiulizwa sisi, njoo Agosti. Mvua inakuwa imekata zamani, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba huku ni wa kuvaa sweta, maana mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Zabibu zinaiva taratibu kwenye jua kavu, sukari inapanda. Zile za wakati wa mvua zina shida zake: magonjwa ya ukungu yanashambulia, punje zinapasuka, mkulima anashinda na bomba la dawa mgongoni, na njia za ndani zinashika matope. Ila kama unapenda picha, Februari ndipo Ugogo unapokuwa wa kijani. Agosti ni vumbi na mibuyu isiyo na majani.

Habari ya dawa inahitaji mkazo. Usichume na kula bila kumuuliza mwenyeji, hata kama kichala kinakutazama. Kuna siku za kusubiri baada ya kupuliza, na anayezijua ni yeye.

Ziara yetu ya siku moja huanzia Bihawana, nje kidogo ya mji, ambako wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu miaka ya 1950. Hatukai sana hapo. Makutupora, upande wa barabara ya Arusha, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na jina la mahali limebaki kwenye mbegu yenyewe, Makutupora nyekundu, utakayoisikia kila kijiji. Kituo hicho na viwanda vya mvinyo havipokei wageni wa kushtukiza. Tunaomba nafasi mapema, na wakituambia siku hiyo hapana, tunaruka.

Muda mwingi tunautumia Hombolo. Ni mji mdogo tu: maduka, bodaboda, Chuo cha Serikali za Mitaa, bwawa lenye perege, na mizabibu pande zote. Siku ya kuvuna tunakuwa huko kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu zabibu zilizochumwa juani zinaanza kuharibika ndani ya kreti. Hapo utaona kitu ambacho wageni wetu wanakikumbuka kuliko glasi ya mvinyo. Mnunuzi anachukua punje moja, anaikamulia kwenye kioo cha kifaa kidogo cha kupimia sukari, mfano wa darubini, anafunika, anakielekeza kwenye jua na kuchungulia. Kikisoma 20 hivi, maana yake sukari yote ikichacha mvinyo utakuwa na kilevi cha asilimia 11 au 12. Mkulima anasimama pembeni kimya, mikono nyuma. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama mzigo unapokelewa leo au unarudi nyumbani, na zabibu si mahindi, huwezi kuziweka ghalani ungoje bei.

Ndiyo sababu utasikia watu wakizungumzia "mchuzi wa zabibu". Mgeni mmoja alituuliza unaliwa na wali au ugali. Ni juisi iliyokamuliwa na kuachwa ichache kwenye matangi, ambayo mkulima au kikundi humuuzia mwenye kiwanda badala ya kuuza tunda linalooza.

Lalamiko lingine tunalolipata: "Mbona zabibu zenu zina mbegu na ngozi ngumu?" Hizo ni za mvinyo. Mbegu kama Chenin Blanc au Syrah haikulimwa ipendeze kwenye sahani ya matunda. Za mezani zipo, ni nyingine, na tunajua nani anazo. Ukinunua, nunua kwa mkulima mwenyewe kwa kilo, na uje na kapu au boksi gumu. Ukizibana kwenye begi la nguo, zitafika Dar zikiwa mchuzi kweli.

Wasiokunywa wasiogope safari hii. Karibu nusu ya wateja wetu hawagusi kilevi, na siku inawatosha kwa shamba, juisi iliyokamuliwa pale pale, na ugali wa uwele kwa mlenda mchana. Dereva wetu hanywi tone akiwa kazini, hata akilazimishwa na mgeni mkarimu. Wanaokuja na gari lao tunawaomba wachague mapema nani atakayeshika usukani.

Kijijini tunapita kwanza kwa mtendaji kusalimia. Wazee utawapa shikamoo kama kawaida. Ukiongeza "mbukwenyi", salamu ya Kigogo kwa watu wengi, utaona meno. Picha, omba kwanza.

Ukitupigia sasa, tutakuuliza tarehe, idadi ya watu na nani hanywi. Kisha tutakuomba siku mbili tuwapigie wakulima wetu watatu wanne kuuliza walipogoa lini. Hesabu ikikataa tutakwambia sogeza, na kama umeshalipa, tarehe mpya haina gharama ya ziada.

Ile familia ya Muungano tuliwaita tena mwishoni mwa Agosti, gari juu yetu. Kapu lilijaa hadi mdomoni. Treni ikiwa Morogoro mama akatutumia ujumbe: watoto wameshafika nusu ya kapu, na abiria wa kiti cha nyuma anaomba namba ya mkulima.