Ndege wasiitwe kwa spika

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kutazama ndege katika misitu ya mawingu, yaani misitu ya milimani yenye ukungu mwingi, iliwashauri wageni wapige sauti zilizorekodiwa kwenye simu ili kumvuta ndege karibu. Ushauri huo si mwema. Dume akisikia sauti ile hudhani mpinzani ameingia eneo lake, huacha kuatamia au kulisha makinda, akaenda kumtafuta adui asiyekuwapo. Kwa baridi na ukungu wa milimani, mayai yaliyoachwa wazi hupoa upesi.

Tena hila hiyo haihitajiki. Kwezali wa Monteverde, Costa Rica, ndege wa kijani mwenye mkia mrefu, hufuata matunda ya miti ya jamii ya mparachichi. Anayesimama kimya karibu na mti uliozaa, tangu alfajiri, ana nafasi nzuri ya kumwona. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya mbele ikiwa na upana wa milimita 42) hufaa kuliko ya 10x25, kwani chini ya miti mwanga ni hafifu na lenzi pana huingiza mwanga zaidi. Iwe isiyopitisha maji: ukungu ukishaingia ndani ya lenzi, kitambaa hakisaidii kitu.

Wasimamizi wa hifadhi wapige marufuku spika msimu wa kuzaliana, na katazo libandikwe langoni.

Msomaji wenu