Barua kwa shoga yangu: mwanetu na leseni ya upimaji

Kivule, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Salamu za siku nyingi. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetukatia barabara. Ile sauti yako ya Jumapili nimeisikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza ulikuwa unafoka mpaka nikashindwa kufuata. Unasema mwanetu ametoka Chuo cha Ardhi Morogoro na stashahada yake mkononi, mashine anazijua kuliko wazee wake wa kazi, halafu anaambiwa hawezi kumpimia mtu kiwanja kwa jina lake mwenyewe mpaka apate leseni. Ukamalizia kwamba leseni ni wakubwa kulindiana ulaji. Ningekupigia tungegombana, kwa hiyo naandika.

Unakikumbuka kiwanja changu, kile cha hatua ishirini kwa ishirini? Mpimaji niliunganishiwa na dalali. Alikuja na bodaboda, kijidude cha GPS kikimning'inia shingoni. Akazunguka kona nne akisoma namba kwa sauti, mdogo wangu akiziandika kwenye daftari la madeni la duka. Nondo nne zikasimamishwa kwenye zege, na kabla halijakauka akachora namba juu yake kwa msumari. Wiki ya pili akaniletea ramani yenye muhuri wa bluu. Nikaipeleka stesheneri wakaifunika plastiki, nikaiweka chini ya godoro.

Miaka sita nimelalia karatasi ile. Urasimishaji, ile kazi ya kupima viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, ulipofika mtaani, mpima wa kampuni, mama mmoja mpole, akaziingiza namba zangu kwenye kompyuta, akakaa kimya, kisha akanigeuzia kioo. Kiwanja changu kilikuwa bondeni, juu ya makaburi. Nikacheka nikidhani ananitania.

Akanieleza taratibu. Ramani zetu za serikali za tangu zamani zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, na hizi GPS za mkononi kwa kawaida hutoka dukani zikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Jiwe lilelile ardhini lina namba tofauti kwenye kila mfumo. Ukichukua namba za huu ukazichora kwenye ule bila kuzigeuza, kwa huku kwetu unahama kama mita 300, hasa kuelekea kusini. Na hata angezigeuza, kidude kile kinaweza kukosea mita tatu, hata tano. Kwenye shamba la mkonge haina neno. Kwangu mimi, mita tatu ni choo cha jirani.

Najua utasema hilo ni la shule, si la leseni, na mwanetu analijua. Kweli, nimekupa. Na nikuongezee lingine la kukufurahisha: kabla ya mama yule ilikuja kampuni nyingine, yenye leseni zake zote, ikakusanya michango yetu, ikapanda bikoni, yale mawe ya mipaka, nusu ya mtaa, ikapotea.

Lakini mpima wa kampuni hiyo tulijua pa kumshika. Kuna baraza la kuwasajili wapima, liliundwa kwa sheria ya 1977, na jina lake limo kwenye orodha ya baraza hilo. Na ramani haiendi wizarani kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani bila mtu kuweka saini kwamba hii nimeipima mimi. Tukaandika barua yenye majina ya kaya zote tulizochanga. Ilichukua miezi minane, ila pesa alirudisha, akalipwa mama yule amalizie. Kishoka wangu, yule mpimaji feki aliyekuja na bodaboda, nilipompigia, simu ilipokelewa na dada anayeuza mitumba Geita, hajawahi hata kumsikia. Ofisi iliyoandikwa kwenye muhuri haikuwahi kuwepo.

Ndiyo maana leseni naitaka, shoga, naitaka kwenye saini. Kazi ya porini, kufyeka, kubeba mashine, kusoma, kukokotoa usiku, yote hayo mwanetu ayafanye hata kesho, alipwe vizuri, na mwenye leseni ajibu kwa jina lake. Ninachokubaliana nawe ni bei. Mpima halali wa kwanza niliyemuuliza alinitajia fedha inayokaribia nusu ya niliyonunulia kiwanja. Nilimkimbia kwa miguu yangu mwenyewe nikaenda kwa kishoka, sikudanganywa na mtu. Wapima wenye saini wangekuwa wengi bei ingeshuka, kwa hiyo wanaomcheleweshea kijana mtihani wake bila sababu nao wanawalisha vishoka. Hapo nipo upande wako, na unaweza kufoka tena.

Sasa la maana. Mama yule bado yuko mitaa hii, amebakiza eneo la kwenye mlima na kijana wake mmoja ameacha kazi. Nimemtajia mwanetu. Ameuliza swali moja tu: anajua kugeuza namba? Nikasema ngoja nimuulize mama yake. Kama anajua, aje kabla ya mwisho wa mwezi, chumba cha uani kipo. Buti aje nazo, tope linafika magotini. Na akipita Muheza aniletee machungwa, ya huku ni makali kama siki.

Wako wa siku zote