Nani alomuona Khalid akitia sumu?

Mhariri, salam aleikum. Nimesoma makala yenu ya wikendi ya vile vita vya Zanzibar na Mngereza vya dakika 38, nimeipenda na picha pia ni nzuri, lakini kuna sentensi moja imenikwama kooni. Mmeandika ati Sultani Hamad bin Thuwaini alipewa sumu na Khalid bin Barghash. Mmeandika kavukavu hivo kama vile mlikuwepo.

Nikaenda na gazeti barazani hapa Mji wa Kale baada ya alasiri, nikawasomea wazee. Mzee mmoja alikuwa ashachukua kikombe chake cha kahawa, hata hajapiga funda, akakirudisha kwenye sinia akauliza, "Ni nani alomuona akitia?" Watu wakacheka lakini mie swali lile nimelala nalo nikaamka nalo.

Hamad alikufa ghafla 25 Agosti 1896, miaka 40 hata hajaimaliza. Siku hiohio Khalid, mtoto wa ami yake, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akaingia jumba la kifalme na watu wake akajifanya sultani. Hapo hata mimi nashuku, maana maiti hajapoa nawe ushakalia kiti. Lakini huyu kiti alikuwa akikitaka tangu 1893 alipokufa Sultani Ali bin Said, alijaribu akatolewa, sasa pupa ya kiti ndio sumu? Na hilo la Hamad kuzikwa siku hiohio msiliguse kabisa, sisi huku maiti hawekwi, akifa asubuhi jioni ashazikwa, mgeni ndie ataona kuna kitu kinafichwa.

Alafu tuulize maneno haya yalimfaa nani. Mngereza alimtaka Hamoud bin Mohammed ndie awe sultani, na mkataba wa 1890 ulimpa nguvu ya kumkataa sultani asiemtaka. Tarehe 27 saa tatu asubuhi mizinga ikaanza, upande wa Zanzibar wakafa na kujeruhiwa watu kama 500, kwa Mngereza baharia mmoja tu ndie alieumia. Ukishapiga jumba la watu namna ile, si ni raha ikisemwa yule ulompiga alikuwa muuaji? Sisemi wao ndio walizua, nasema iliwafaa.

Linalonishinda zaidi ni hili. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, wakamvusha mpaka Dar es Salaam, na 1916 Waingereza wakamshika. Walikuwa nae mkononi jamani! Wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli, mwishowe wakamuachia akarudi huku, akafia hapahapa Mombasa 1927. Miaka yote hio kesi ya sumu hawakumfungulia. Tena huyo Hamad alokufa ndie sultani ambae ni wakati wake, Disemba 1895, huu mwambao wetu wa maili 10 ulitiwa mkononi mwa Mngereza kwa kodi ya mwaka, yaani hakuwa mtu wa kusahauliwa hivihivi.

Pengine kweli alimpa, sikatai. Lakini basi andikeni "alishukiwa", ni neno moja tu halimalizi wino. Wazee nimewaahidi nitawasomea toleo la wiki hii, na yule wa kahawa ashaniuliza mara mbili.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa