Niuze kiwanja binti asomee urubani, au mashine zitaichukua kazi hiyo?

Ndugu mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji wenzangu. Hapa nyumbani tumegawanyika na muda unayoyoma.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 19 na amepata nafasi kwenye chuo cha urubani. Malipo ya awali yanatakiwa ndani ya miezi miwili. Akiba yangu haitoshi, ila ninacho kiwanja alichoniachia marehemu baba, na nilishakubali kukiuza. Ndipo mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, akaniambia: "Kaka, unamsomesha mtoto kazi ambayo haitakuwepo."

Wiki ya tatu sasa silali vizuri. Mdogo wangu si mtu wa kuropoka. Alinikumbusha kuwa zamani ndege za masafa marefu zilibeba pia mwongoza njia, mtu wa redio na mhandisi, na leo wamebaki marubani wawili tu. Mwaka 2020 Airbus walimaliza majaribio ambayo ndege yao aina ya A350 ilitembea, ikapaa na ikatua yenyewe kwa kutumia kamera, marubani wakiiangalia tu.

Nami nikaanza kusoma. Habari ya Sullenberger, rubani wa Marekani, ilinipa moyo: Januari 2009, injini zote mbili zilipoishiwa nguvu baada ya kugonga ndege wa porini juu ya New York, aliamua kutua mtoni Hudson na watu wote 155 wakapona. Lakini mwaka huohuo ndege ya Air France ilianguka Atlantiki na kuua watu 228. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na marubani wakachanganyikiwa. Halafu zikaanguka zile ndege mbili za Boeing 737 MAX, 2018 na 2019, ambazo programu iliamini kipimo kimoja kibovu ikawa inaisukuma pua chini. Watu 346 walikufa. Nikabaki palepale.

Sidhani abiria watakubali upesi kupanda ndege isiyo na rubani. Ninachokiogopa ni kiti cha pili. Yapo makampuni yanayotaka rubani mmoja abaki peke yake katikati ya safari ndefu huku mwenzake amelala. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilisema mwaka 2025 kuwa kwa sasa haijathibitika kwamba usalama utabaki uleule. Kwa sasa! Marubani wa safari za kimataifa huruhusiwa kurusha ndege hadi miaka 65. Binti yangu ana miaka 46 mbele yake. Kiti cha pili ndiko rubani kijana anakojifunzia kazi. Kikiondolewa, ataanzia wapi?

Juzi usiku nilimkuta chumbani, taa imezimwa, amekaa mbele ya picha kubwa ya chumba cha marubani aliyoibandika ukutani. Mkono ulikuwa ukienda swichi hadi swichi, midomo ikitaja kila moja. "Baba, usiwashe," akasema. "Nataka nizijue hata gizani."

Mliomo kwenye kazi hii, niambieni ukweli. Mtoto angekuwa wenu, mngeuza? Au mngemwambia aanze na uhandisi wa ndege, urubani ufuate baadaye? Na kama ni hivyo, nimwambieje asione kuwa baba yake amemkatia tamaa?

Mzazi mwenye wasiwasi