Barua ya wazi kwa mkubwa wa ukaguzi wa majengo: injinia wa hili jengo aje saiti tumuone

Kwako Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, natumai wewe na familia mko salama. Mimi ni mjane, mkazi wa Free Area hapa Nakuru, na hii nyumba ninayokaa pamoja na zile vyumba za kupangisha huko nyuma ndiyo mali marehemu mume wangu aliniachia. Barua za kawaida nimekuandikia, zimepigwa mhuri wa kupokelewa na nakala ninazo kwa faili. Hakuna iliyojibiwa. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu wote, na nakuomba usidhani nimekukosea heshima, nimechoka tu.

Wiki iliyopita Alhamisi walikuwa wanamwaga slabu ya floo ya tano kwa jengo lililo kando yangu. Walianza asubuhi, saa nane mvua ikanyesha, na badala ya kusimamisha kazi wakaendelea kwa mvua hivyo hivyo juu simiti ilikuwa imeshachanganywa na vibarua wameshalipwa nusu. Jioni kwa kona ya upande wangu ile miti inayoshikilia mbao ikateleza, mbao zikaachana, konkriti bado mbichi ikashuka na vyuma na wanaume wawili waliokuwa wamesimama hapo juu. Mmoja amevunjika mguu, mwingine bega. Konkriti nyingine ikaruka ukuta ikaangukia mahali tangi langu la maji liko, na hapo ndipo watoto wa wapangaji huchota maji ya jioni. Mungu ni mkubwa, hawakuwepo. Jumatatu kazi ikaendelea! Wamesimamisha miti mingine wakamwaga tena, na hakuna mtu amekuja kuangalia kama nguzo za chini zilipata shida.

Mheshimiwa, mwaka jana ulikuja kwa baraza ya chifu ukasema mbele yetu sote hakuna jengo mtaani hapa litapanda bila injinia mwenye leseni kulisimamia. Tulikupigia makofi, mimi nikiwa mmoja wao. Baada ya hapo vijana wako wakaja na rangi nyekundu wakachora X kwa nguzo ya mbele. Hiyo X imepakwa rangi ya kijivu juu yake, lakini ukikaribia bado unaiona, na mjengo umeongeza floo tatu tangu siku hiyo.

Sasa nikuambie shida yenyewe iko wapi. Kwa geti ya hiyo saiti kuna kibao, kina jina la mwenye ploti, mkandarasi, mchoraji na injinia, pamoja na namba ya usajili. Kijana wangu aliingia kwa rejista ya Bodi ya Wahandisi kwa simu yake, ile iko wazi kwa kila mtu, na akalipata jina. Ni injinia wa kweli, si feki. Lakini tangu wachimbe msingi hakuna mtu hapa amewahi kuona uso wake. Mimi nauza mboga kwa geti yangu kuanzia asubuhi mpaka giza, hakuna anayeingia hapo nisimuone. Nilimuuliza fomeni akaniambia bila kuficha, "Mama, injinia alituma plani na mhuri, hiyo imetosha, kazi ni yetu." Huyo fomeni ni fundi mzuri wa mawe na simlaumu, anafanya alichoagizwa. Lakini maji ya konkriti anapima kwa macho, na ile siku ya mvua nilimsikia akiita waongeze maji ndiyo itembee haraka. Mume wangu alifanya mjengo maisha yake yote na alikuwa akisema kila siku konkriti ikilewa maji inakauka ikiwa dhaifu, na slabu unaipa siku 28 ifike nguvu yake ndiyo uitegemee. Kuna vile vibokisi vya chuma vya mraba ambavyo hujazwa konkriti siku ya kumwaga, yale mapande yaliyokauka yanapelekwa maabara yanapondwa siku ya 7 na siku ya 28 kujua kama nguvu imefika. Hapo kando yangu sijaona hata kibokisi kimoja kikijazwa, kuanzia chini mpaka floo ya tano.

Huyu kijana wangu ana digrii ya uhandisi wa majengo na amesajiliwa kama injinia mhitimu. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inasema lazima afanye kazi angalau miaka 3 kwanza, aonyeshe kazi aliyofanya chini ya injinia aliyekamilika, akalie mtihani, ndipo na yeye aitwe injinia kamili. Na akishafika hapo leseni ni ya kulipia kila mwaka na lazima aonyeshe anaendelea kusoma. Kwa sasa sahihi yake haiwezi kupitisha mchoro wowote. Hiyo sheria naikubali kabisa, mtu asipewe maisha ya watu mikononi kabla hajaiva. Lakini huyu mtoto amezunguka Nakuru, Eldoret mpaka Kisumu akitafuta injinia wa kumchukua, na anaambiwa hakuna saiti ya kumpeleka. Saiti inakosekanaje na hii iko hapa, hatua ishirini kutoka kwa mlango wetu, na jina la injinia limeandikwa kwa kibao? Kama huyo injinia angekuwa anakuja, angekuwa na vijana wawili watatu anaowafunza, na kijana yeyote aliyemaliza chuo angesimamisha kumwaga ile siku mvua ilipoanza. Kwa hivyo huu mhuri wa kutumwa unatuumiza mara mbili, sisi tulio chini ya jengo na hawa watoto tuliouza ng'ombe kuwasomesha.

Nafikiri ni mambo ya pesa. Kwa mjengo watu husema mhuri una bei yake na kusimamia kuna bei yake, na mwenye ploti analipa ile ndogo. Walichopatana wao sikijui, lakini matokeo yako kwa ukuta wangu. Kuna ufa ulianzia kona ya dirisha la chumba cha watoto wakati wanachimba msingi, ulikuwa mwembamba kama uzi, leo kidole kinaingia mpaka kwa kucha. Wapangaji wawili wamehama, na hiyo kodi ndiyo ilikuwa karo. Usiku mvua ikinyesha tunalala wote sebuleni upande wa mbali, mimi na wajukuu.

Na udongo wa Nakuru unaujua kuniliko. Hii ni majivu ya volkano, maji yanapenya haraka, chini kuna mipasuko ya Bonde la Ufa, na mvua ikizidi kuna mahali ardhi hufunguka yenyewe. Hapa ndipo mahali pa kuacha msingi bila injinia wa kuuangalia?

Usiniambie tungojee. Jengo la Huruma kule Nairobi lilikuwa limeshawekwa alama libomolewe, watu wakaendelea kulala ndani, na usiku wa 29 Aprili 2016 likaanguka na mvua likaua zaidi ya watu 50. Na tusiende mbali, hapa kwetu Solai, 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa halina kibali lilipasuka usiku likazoa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Tulienda mazishi. Wakubwa walisimama hapo wakatuahidi kwamba kila kitu kitakaguliwa. Sheria si kwamba hazipo. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimeanza kutumika Machi 2025 zikaondoa zile za 1968, mkandarasi ana pa kusajiliwa, injinia ana bodi yake, mchoraji ana yake. Lakini mimi nikienda ofisi moja natumwa nyingine, na huko naambiwa nirudi nilikotoka.

Kijana wangu hakutaka niandike hii barua. Anaogopa, anasema hao hao mainjinia ndio watakaotia sahihi kazi yake siku moja, mama utaniharibia. Nimemwambia nitaandika bila jina lake, na ninaandika. Mtoto kuogopa kusema jengo ni hatari na hiyo ndiyo kazi aliyosomea, hiyo imeniuma kuliko hata ule ufa.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi, nilipwe ukuta, wale vibarua wawili walipiwe hospitali, mwenye ploti aitwe. Bado nayataka. Lakini kwa leo nayaweka kando nikuombe kitu kimoja: huyo injinia aje. Wewe una mamlaka ya kumwita, mimi sina. Aje mwenyewe, asitume mtu, asitume karatasi, asimame chini ya ile kona iliyoshuka, aangalie nguzo moja moja, aagize konkriti ipimwe, kisha aandike kwa mkono wake kwamba jengo liko salama, na atie ule mhuri wake hapo hapo tukiwa tunamuona. Kama hawezi kuja, basi funga saiti mpaka aje.

Fomeni anasema slabu ya floo ya sita inamwagwa mwisho wa mwezi huu. Tafadhali Mheshimiwa, mwite kabla ya hiyo siku. Jina lake na namba ya usajili viko kwa kibao, pale kwa geti.

Wako mwaminifu,
Jirani wa hiyo saiti, Free Area, Nakuru